Makoloni sita, meza moja: Australia ilivyojadili muungano wake kwa miaka kumi

Juni 3, 1898, wapigakura wa koloni la New South Wales waliulizwa swali moja: je, wanaikubali rasimu ya katiba itakayoyaunganisha makoloni ya Australia yawe nchi moja? Kura 71,595 zilisema ndiyo, kura 66,228 zikasema hapana. Kwa hesabu ya kawaida, waliotaka muungano walikuwa wameshinda. Lakini bunge la koloni hilo lilikuwa limetangulia kuweka sharti kwamba bila kura 80,000 za ndiyo, rasimu haipiti. Haikupita.

Majirani walikubali. Victoria ilitoa kura 100,520 za ndiyo dhidi ya 22,099. Australia ya Kusini na Tasmania nazo zilikubali kwa wingi. Hata hivyo, muungano bila New South Wales, koloni kongwe lenye jiji la Sydney na watu wengi kuliko mengine yote, ungekuwa jina tupu. Ikabidi viongozi warudi mezani, wafungue vifungu walivyodhani wamekwisha kuvifunga, kisha wawaendee wananchi kwa mara ya pili.

Kisa hiki kina zaidi ya karne moja na kimetokea mbali, lakini kinatuhusu sisi wa Afrika Mashariki ambao tumekuwa tukizungumzia shirikisho tangu kabla ya uhuru. Hotuba za undugu tumezisikia nyingi. Maswali ya mezani ndiyo tunayoyakwepa: nani atakusanya ushuru, nani ataugawa, mdogo atalindwaje, mkubwa atakubali kuachia nini, na nani hakualikwa kabisa. Waaustralia walibishana juu ya maswali manne ya kwanza kwa miaka kumi, hadharani, na muungano wao umesimama. La tano hawakuliuliza, na waliofungiwa nje wameumia kwa vizazi.

Damu moja, forodha mbili

Mwishoni mwa karne ya 19 Australia ilikuwa na makoloni sita ya Uingereza: New South Wales, lililoanzishwa mwaka 1788, Tasmania, Australia ya Magharibi, Australia ya Kusini, Victoria na Queensland. Kila koloni lilikuwa na bunge lake, waziri kiongozi wake, askari wake, stempu zake na maofisa wake wa forodha. Walowezi waliokuwa wakiyaendesha walikuwa na asili moja, lugha moja na malkia mmoja. Pamoja na hayo yote, aliyevuka Mto Murray kutoka New South Wales kuingia Victoria alikaguliwa mizigo kama mtu anayetoka nchi ya kigeni.

Chanzo kilikuwa sera za uchumi. Victoria ilitoza ushuru mkubwa ili kulinda viwanda vyake. New South Wales ilishikilia biashara huria. Walioumia zaidi ni wakulima na wafugaji wa bonde la Murray. Wale wa upande wa New South Wales walikuwa karibu na Melbourne, mji mkuu wa Victoria, kuliko Sydney, lakini ili kulifikia soko hilo la karibu ilibidi mifugo na mazao yao yatozwe ushuru kwanza.

Reli nazo zilisema yale yale. Njia ya kutoka Sydney na ile ya kutoka Melbourne zilikutana katika mji wa mpakani wa Albury mwaka 1883, zikakutana bila kuungana. New South Wales ilijenga reli yenye upana wa milimita 1,435, Victoria milimita 1,600, na Queensland milimita 1,067. Abiria wa usiku walishushwa Albury na mizigo yao, wakavuka jukwaa la stesheni na kupanda treni nyingine. Mwandishi Mmarekani Mark Twain alipitia hapo mwaka 1895, na katika kitabu chake cha safari alistaajabia akili za waliobuni mpango huo. Msomaji wa Tanzania hahitaji kuelezwa sana, maana kule Kidatu, mkoani Morogoro, shehena ya TAZARA huhamishwa ili iingie kwenye reli ya Kati kwa sababu hiyo hiyo ya upana.

Kilichowasukuma viongozi wa makoloni kuanza kuzungumza ni hofu ya mataifa mengine. Mwaka 1883 serikali ya Queensland ilitangaza kuitwaa sehemu ya mashariki ya kisiwa cha New Guinea, na London ikakataa kulitambua tangazo hilo. Mwaka uliofuata Wajerumani walipandisha bendera yao kaskazini-mashariki mwa kisiwa. Ni mwaka huo huo wa 1884 ambao Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara na Uzigua akiwatia machifu wetu katika mikataba ya ulaghai. Viongozi wa makoloni ya Australia waliona kwamba koloni moja moja halisikilizwi London.

Jibu lao la kwanza lilikuwa dhaifu. Waliunda Baraza la Shirikisho la Australasia, likakutana Hobart mwaka 1886. Baraza hilo halikuwa na fedha wala serikali ya kutekeleza maazimio yake, na New South Wales haikujiunga. Liliishi miaka kadhaa likizungumza, bila nguvu ya kutenda.

Simba njiani

Aliyefufua mazungumzo ni Henry Parkes, mhamiaji maskini kutoka Uingereza aliyekuja kuwa waziri kiongozi wa New South Wales mara tano. Oktoba 24, 1889, akiwa na umri wa miaka 74, alisimama katika mji mdogo wa Tenterfield, karibu na mpaka wa Queensland, na kutoa wito wa kuunda serikali moja ya Australia nzima. Wakati huo ripoti ya jenerali wa Kiingereza ilikuwa imetoka kupendekeza kwamba majeshi ya makoloni yaunganishwe na reli zao zilinganishwe upana.

Mawaziri wa makoloni walikutana Melbourne Februari 1890. Parkes alizungumzia damu inayowaunganisha wote. Lakini James Service, aliyewahi kuwa waziri kiongozi wa Victoria, alisema neno ambalo wengi hawakupenda kulisikia. Aliufananisha ushuru wa forodha na simba aliyekaa njiani, akaonya kwamba hakuna atakayefika kwenye muungano bila kupambana naye. Muongo mzima uliofuata ulithibitisha onyo lake.

Mwaka 1891 wajumbe wa makoloni yote sita, pamoja na watatu kutoka New Zealand, walikutana Sydney kuandika rasimu. Wakati wa Pasaka kamati ndogo ilijifungia ndani ya Lucinda, meli ya serikali ya Queensland, ikatia nanga katika Mto Hawkesbury na kufanya kazi usiku na mchana. Samuel Griffith wa Queensland ndiye aliyeshika kalamu. Mezani palikuwa na rasimu ya awali iliyoandikwa na Andrew Inglis Clark wa Tasmania, mwanasheria aliyeijua katiba ya Marekani kuliko wenzake. Kutoka Uingereza walichukua mawaziri wanaowajibika bungeni. Kutoka Marekani walichukua Seneti ambamo kila jimbo, dogo kwa kubwa, lina viti sawa.

Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na kasoro moja kubwa. Ilikuwa mali ya wanasiasa. Iliporudishwa katika mabunge ya makoloni ikalala, kwa kuwa hakuna mbunge aliyekuwa na haraka ya kupunguza madaraka yake mwenyewe. Kisha mwaka 1893 mabenki yakaanguka, kazi zikapotea, na muungano ukaonekana anasa ya wenye nafasi. New Zealand nayo, iliyotenganishwa nao na bahari pana, ilijiondoa polepole na haikurudi tena.

Hoja iliyotoka mpakani

Aliyeitoa rasimu usingizini hakuwa waziri. Julai 31 na Agosti 1, 1893, vyama vya wananchi waliotaka shirikisho vilikutana Corowa, mji mdogo wa kando ya Mto Murray ambako forodha ilikuwa kero ya kila siku. Hotuba ziliendelea kama kawaida mpaka baadhi ya waliohudhuria walipochoka na maneno matupu. Ndipo John Quick, mwanasheria kutoka Bendigo aliyeanza kufanya kazi za viwandani na migodini tangu utotoni, akaleta hoja yenye hatua tatu. Bunge la kila koloni lipitishe sheria ya kuchagua wajumbe wa katiba. Wajumbe hao wachaguliwe na wananchi wenyewe. Na rasimu watakayoiandika ipelekwe kwa wananchi ikapigiwe kura.

Hoja hiyo ilibadilisha kila kitu, kwa sababu iliyaondoa mazungumzo mikononi mwa wachache na kuyawekea ratiba iliyolindwa na sheria. Mawaziri viongozi waliukubali mpango huo Hobart mwaka 1895. Machi 1897 wananchi wa New South Wales, Victoria, Australia ya Kusini na Tasmania walichagua wajumbe kumi kumi. Australia ya Magharibi iliacha kazi hiyo kwa bunge lake, na Queensland haikupeleka mjumbe hata mmoja.

Huko Australia ya Kusini wanawake walikuwa wamepata haki ya kupiga kura na kugombea kwa sheria ya mwaka 1894. Catherine Helen Spence, mwandishi mwenye umri wa miaka 71, aligombea nafasi ya ujumbe. Hakushinda, lakini aliingia katika historia kama mwanamke wa kwanza wa Australia kugombea nafasi ya kisiasa. Wajumbe wote waliochaguliwa walikuwa wanaume.

Walikutana mara tatu: Adelaide na Sydney mwaka 1897, kisha Melbourne katika joto kali la mwanzo wa mwaka 1898. Mijadala yao iliandikwa neno kwa neno na kuchapishwa, na magazeti yaliifuata kila siku. Mjumbe aliyeahidi jambo asubuhi alijua kwamba wapigakura wake watalisoma.

Mdogo asimezwe, mkubwa asifungwe mikono

Mgogoro mkubwa ulihusu Seneti. Kwa sensa ya mwaka 1901 New South Wales ilikuwa na watu wapatao 1,350,000. Tasmania ilikuwa na watu wapatao 172,000. Kwa rasimu, kila moja ingepata maseneta sita. Watasmania walisema bila usawa huo watamezwa. Watu wa Sydney walisema haiwezekani kura ya Mtasmania mmoja iwe na uzito wa kura za watu wao saba au wanane. Chama cha Leba cha New South Wales kiliipinga rasimu hasa kwa sababu hiyo.

Pande zote mbili zilikuwa na haki, na ndiyo maana mwafaka ulichukua muda. Makoloni madogo yalipata usawa wa viti katika Seneti. Makubwa yakapata Baraza la Wawakilishi linalofuata idadi ya watu. Halafu likabaki swali la fedha, kwamba ni nani mwenye neno la mwisho juu ya bajeti. Huko Adelaide, kwa tofauti ndogo sana ya kura, baadhi ya wajumbe wa makoloni madogo waliachana na msimamo wa upande wao na kukubali kwamba Seneti isiweze kurekebisha miswada ya kodi wala ile ya matumizi ya kawaida ya serikali, ingawa iweze kuikataa au kuomba ibadilishwe. Bila ya wajumbe hao wachache kukubali kupoteza kidogo, mkutano ungevunjika pale pale.

Wakajiuliza pia, itakuwaje siku mabunge mawili yakikwama? Waliandika njia ya kutokea: mabunge yote mawili yavunjwe, uchaguzi ufanyike, na yakikwama tena wabunge na maseneta wakae kikao kimoja na kupiga kura. Waandishi hawa hawakudhani kwamba nia njema itadumu milele. Waliuandalia ugomvi utaratibu wake mapema, wakati bado wanasikilizana.

Mali na daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wajumbe wa Australia walilijua hilo vizuri kwa sababu makoloni mengi yaliishi kwa ushuru wa forodha. Muungano ulikuwa na maana ya kuondoa forodha za ndani na kuikabidhi serikali ya shirikisho ile ya nje. Sasa koloni dogo kama Tasmania lingelipaje walimu na polisi wake?

Edward Braddon, waziri kiongozi wa Tasmania, alileta kifungu kwamba robo tatu ya mapato ya forodha irudishwe kwa majimbo. Magazeti ya Sydney yalikishambulia kifungu hicho kwa jina la mwenyewe, yakisema kitalazimisha shirikisho kutoza ushuru mkubwa ili robo moja itakayobaki ilitosheleze. Wafuasi wa biashara huria waliona wamefungwa kamba na Victoria kwa mlango wa nyuma. Kifungu hicho kilichangia sana kuiangusha kura ya Juni 1898.

Mawaziri viongozi sita, safari hii Queensland ikiwamo, walikutana faraghani Melbourne Januari 1899 kutafuta njia. Kifungu cha Braddon kikabaki, lakini kwa miaka kumi ya kwanza tu. Bunge la shirikisho likapewa uwezo wa kuyasaidia majimbo kifedha pale yatakapopungukiwa. Mipaka ya jimbo isiguswe bila ridhaa ya wapigakura wake. Na juu ya mji mkuu, ambao Sydney na Melbourne kila moja liliutaka, wakaamua uwe ndani ya New South Wales lakini si chini ya maili 100, yaani kilomita 160, kutoka Sydney, na bunge likae Melbourne mpaka mji huo uwe tayari. Ndiyo asili ya Canberra, mji uliopewa jina mwaka 1913 na kuhamiwa na bunge mwaka 1927.

Mtu anaweza kuyacheka mabishano ya maili na robo. Mimi nayaheshimu. Kila tarakimu katika makubaliano hayo ilimjibu mtu aliyekuwa na hofu halisi, na jibu liliandikwa mahali ambapo mtu huyo angeweza kulisoma, kulinukuu na kulidai mahakamani.

Juni 1899 New South Wales ilipiga kura tena. Ndiyo zilikuwa 107,420 na hapana 82,741. Septemba mwaka huo Queensland ikaingia kwa tofauti ndogo, 38,488 kwa 30,996. Makoloni matano yakawa yamekubali.

Koloni la mwisho, na safari ya London

Likabaki la sita. Australia ya Magharibi ilitenganishwa na wenzake na jangwa, na waziri kiongozi wake, John Forrest, aliogopa kwamba viwanda vya Melbourne na Sydney vitaviua vile vichanga vya kwake. Lakini dhahabu iliyogunduliwa Coolgardie mwaka 1892 na Kalgoorlie mwaka 1893 ilikuwa imevuta maelfu ya wahamiaji kutoka makoloni ya mashariki, nao walitaka muungano na ndugu zao waliowaacha kwao. Mwaka 1900 wachimbaji waliandika ombi kwa Malkia kwamba eneo la dhahabu litengwe liwe koloni lake lenyewe ili lijiunge. Forrest alibanwa kutoka ndani na kutoka London. Alikuwa amekwisha kupata nafuu moja ya maana, nayo ni jimbo lake kuruhusiwa kutoza ushuru wa ndani kwa miaka mitano, ukipungua kila mwaka mpaka uishe. Julai 31, 1900, kura 44,800 zilisema ndiyo dhidi ya 19,691.

Kura hiyo ilikuja wakati sheria imekwisha kutiwa saini London Julai 9. Ndiyo maana mpaka leo dibaji ya katiba ya Australia inayataja makoloni matano tu. Aliyechelewa mlangoni alipokewa, lakini jina lake halimo katika utangulizi.

London nako hakukuwa kwepesi. Waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain, aliipokea rasimu iliyopitishwa na wananchi na kutaka ibadilishwe, hasa kuhusu rufaa kwenda Baraza la Faragha la Uingereza. Ujumbe wa Australia, ukiongozwa na Edmund Barton, Alfred Deakin na Charles Kingston, ulijibu kwamba haukuwa na mamlaka ya kubadili kitu ambacho wananchi wamekipigia kura. Hiyo ilikuwa silaha yao kubwa kuliko zote. Mwishowe walikutana katikati. Inasimuliwa kwamba, walipobaki peke yao chumbani baada ya kupata mwafaka, wanaume hao watatu walishikana mikono na kucheza wakizunguka chumba.

Januari 1, 1901, Australia ilizaliwa rasmi katika bustani ya Centennial Park, Sydney, na Barton akaapishwa kuwa waziri mkuu wa kwanza. Parkes hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki mwaka 1896.

Ambao hawakuitwa

Katika miaka yote hiyo hakuna Muaborijini hata mmoja aliyeketi katika mikutano hiyo ya katiba, ingawa watu wake walikuwa wameishi katika bara hilo kwa makumi ya maelfu ya miaka kabla ya meli ya kwanza ya Waingereza. Katiba iliwataja mara mbili, zote mbili kwa kuwatoa. Kifungu cha 51 kiliipa serikali ya shirikisho uwezo wa kutunga sheria maalumu juu ya watu wa rangi yoyote, isipokuwa wenyeji hao walioachwa mikononi mwa majimbo. Kifungu cha 127 kilisema wasihesabiwe katika idadi ya watu wa taifa.

Bunge jipya lilianza kwa kufunga milango. Mwaka 1901 lilipitisha sheria ya uhamiaji iliyowazuia wasio Wazungu kwa mtihani wa imla katika lugha ya Ulaya, mbinu iliyochukuliwa kutoka koloni la Natal, kusini mwa Afrika. Mwaka huo huo likaamuru kurudishwa makwao kwa watu wa visiwa vya Pasifiki. Zaidi ya 60,000 kati yao walikuwa wamepelekwa Queensland tangu mwaka 1863 kulima miwa, wengi kwa hila au kwa nguvu. Sheria ya uchaguzi ya mwaka 1902 iliwapa wanawake wa Kizungu wa nchi nzima kura, jambo la kupigiwa mfano wakati huo, na sheria hiyo hiyo ikawanyima wenyeji wa asili wa Australia, Asia, Afrika na visiwa vya Pasifiki isipokuwa New Zealand. Bara letu limetajwa humo kwa jina.

Makosa hayo yalikaa muda mrefu kwa sababu katiba hiyo ni ngumu kurekebishwa. Badiliko lolote linahitaji wingi wa kura za nchi nzima na pia wingi katika majimbo mengi, yaani manne kati ya sita. Kati ya mapendekezo 45 yaliyopelekwa kwa wananchi tangu mwaka 1901, manane tu ndiyo yaliyopita. Mojawapo ni lile la Mei 27, 1967, ambapo zaidi ya asilimia 90 ya wapigakura walikubali kufuta kifungu cha 127 na kulipa bunge la taifa uwezo wa kuwatungia Waaborijini sheria. Oktoba 2023 pendekezo la kuunda chombo cha kikatiba cha kuwasilisha sauti yao bungeni lilikataliwa katika majimbo yote sita. Mtu akikosa kiti siku katiba inapoandikwa, kukipata baadaye ni kazi ya vizazi.

Hata waliokuwa mezani hawakuridhika wote. Mwaka 1933 karibu theluthi mbili ya wapigakura wa Australia ya Magharibi walitaka jimbo lao lijitoe. Bunge la Uingereza lilikataa kulishughulikia ombi hilo mwaka 1935. Muungano ulipona kwa sababu ulikuwa na mahali pa kupeleka malalamiko, zikiwamo mahakama, Seneti na, tangu mwaka huo wa 1933, tume ya kupendekeza misaada ya fedha kwa majimbo yaliyopungukiwa.

Maswali yetu

Juni 5, 1963, Jomo Kenyatta, Julius Nyerere na Milton Obote walitia saini Nairobi azimio la kuunda shirikisho la Afrika Mashariki kabla mwaka haujaisha. Nia ilikuwa ya kweli. Nyerere alikuwa tayari tangu mwaka 1960 kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi ziingie pamoja. Lakini mazungumzo yalipofika kwenye uraia, mambo ya nje, mikopo na mji mkuu, yalikwama. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa sarafu yake. Jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na miongoni mwa sababu ni kutokukubaliana juu ya nani anafaidika zaidi.

Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulipatikana kwa njia nyingine, kwa hati iliyotiwa saini Aprili 22, 1964 na kuanza kazi siku nne baadaye. Umedumu, nao ni fahari yetu. Hata hivyo, nyingi kati ya zile tunazoziita kero za Muungano ni za hesabu, kama mgawanyo wa mapato, mikopo ya nje na kodi ya bidhaa zinazovuka kutoka Zanzibar kwenda Bara. Maswali ambayo hayakupata muda mezani mwaka ule yamekuwa yakijibiwa kidogo kidogo, kamati baada ya kamati.

Sasa Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama nane, kutoka Somalia hadi Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mkataba wa mwaka 1999 unalitaja shirikisho la kisiasa kuwa hatua ya mwisho, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walichagua kuanza na muungano legelege wa nchi huru kama hatua ya mpito. Rasimu ya katiba itakapokuja, raia wa Kampala, Bujumbura au Mombasa ana haki ya kuiuliza maswali yale yale. Ushuru utakaokusanywa bandarini utagawanywa kwa kanuni gani, na kanuni hiyo itadumu miaka mingapi? Burundi italindwaje mbele ya Kongo yenye watu wengi mara kadhaa? Mabaraza yakikwama, njia ya kutokea ni ipi? Je, wananchi watapiga kura, au watasomewa tu kilichokwisha kuamuliwa?

Na kabla ya yote hayo, aulize ni nani hayumo chumbani. Wamaasai ambao ng'ombe wao wanalisha pande zote mbili za mpaka wa Kenya na Tanzania, wavuvi wa Ziwa Victoria wanaokamatwa kwa kuvuka mstari usioonekana majini, akina mama wanaobeba nyanya na vitenge kupita Busia na Rusumo, wakimbizi waliozaliwa kambini na hawajulikani ni raia wa wapi: hawa ndio wanaouishi mpaka kila siku, kama walivyouishi watu wa Corowa. Waitwe na wasikilizwe sasa, kabla rasimu haijaandikwa.